Jogoo wa Serikali Uani kwa Bi Siwema

Nchi hii iko mbali. Tena mbali sana, ng'ambo ya huko mbali unakokufikiria. Wewe huifahamu, na atakayesema anaifahamu, shauri yake na waliomtuma.

Katika nchi hiyo kulikuwa na Mlezi Mkuu, aliyewalea watu wazima wote, wenye mvi na wasio na meno. Siku moja, katika sherehe ya kujipongeza, alisimama akasema, "Ndugu wananchi, hakuna yai bila jogoo, kama vile hakuna maendeleo bila mimi." Watu wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Mlezi Mkuu mwenyewe alikuwa hajapata kumwona kuku mwenye manyoya. Kuku aliowazoea ni wale wanaofika mezani wamelala chali, miguu juu. Lakini neno la mkubwa likishatoka halirudi mikono mitupu. Profesa mmoja alithibitisha kwa kitabu cha kurasa mia nne kwamba kuku bila jogoo hatagi, akapewa gari. Profesa wa pili, ambaye kwao walifuga kuku, aliuliza swali moja tu, akapewa likizo. Mpaka leo hajarudi.

Basi ikatungwa Sheria ya Ujogoo, ikaundwa Wizara ya Mayai na Maadili. Kila ua wenye kuku ukatakiwa uwe na jogoo aliyesajiliwa, na kila yai likatakiwa liwe na baba anayejulikana.

Katika mtaa wa Kwa Mpingo, nyumba ya tatu kutoka kisimani, alikaa mjane mmoja, Bi Siwema binti Faki, mwanamke wa swala zake tano na maneno yake machache. Alikuwa na matembe saba, kuku wadogo ambao ndio kwanza vilemba vyao vimeiva vyekundu na wameanza kutaga vijiyai vya mwanzo, vile vinavyokaa viwili kwenye kiganja na nafasi ikabaki.

Jogoo hakuwa naye. Si kwamba aliwachukia majogoo. Bi Siwema alifuga kuku tangu yuko kwa mama yake, na alijua kwamba jogoo ni wa vifaranga. Yai la kula halimhitaji. Alijua pia kuwa jogoo mzee haingizwi kwa matembe, atawachana migongo. Ukitaka kuwapa jogoo unatafuta pora, jogoo kijana, wa rika lao, unamtenga kwa wavu majuma mawili wazoeane kwa macho, ndipo unafungua. Hayo aliyajua kabla hajaijua alifu kwa kijiti.

Na hao saba ndio walikuwa shamba lake na pensheni yake. Tangu marehemu mumewe atangulie, unga, sabuni na mafuta ya taa vilitoka viotani. Wakiondoka hao, amebaki na mswala na Mungu.

Balozi wa nyumba kumi aliitwa Mzee Chande. Kazi yake ilikuwa kujua kila chungu kimepika nini. Asubuhi moja alipita jaani, akaona maganda.

"Hodi, Bi Siwema."

"Karibu, balozi."

"Naona maganda ya mayai huko nje."

"Umeona vizuri."

"Na jogoo simsikii."

"Utamsikiaje naye hayupo?"

Mzee Chande akajishika kichwa. "Mama wee! Sema yupo lakini bubu. Sema yuko safarini. Mimi nakutakia salama."

"Mzee Chande, si juzi hapa hapa ulikula mayai yangu mawili ukaomba na chumvi?"

"Nilikula nikiwa jirani. Sasa nasema nikiwa balozi."

Akaenda zake kusema.

*

Siku ya tatu akaja Bwana Hatibu Mtumweni, Afisa Ujogoo wa Wilaya, kwa magari mawili. La kwanza lilimbeba yeye, la pili lilibeba faili. Alikuwa mtu wa tumbo la mbele, na sauti iliyotangulia tumbo. Akaketi kwenye kiti pekee cha nyumba ile bila kukaribishwa, naibu wake akasimama kulia, karani akachuchumaa na kalamu.

"Mayai haya yametagwa na nani?"

"Na kuku, bwana."

"Kwa idhini ya nani?"

"Ya Mwenyezi Mungu."

Karani akainua macho. "Niandike, mheshimiwa?"

"Usiandike. Hayumo kwenye muundo wa wizara." Mtumweni akamgeukia tena Bi Siwema. "Mama, nikueleweshe kitaalamu. Yai ni jambo la jogoo. Kuku ni chombo cha usafirishaji tu."

"Basi mwambieni jogoo akakae kiotani, chombo kipumzike."

"Unalifanyia mzaha taifa?"

"Taifa ndilo limekuja uani kwangu kuuliza mayai baba yao nani. Mimi nilikuwa napepeta."

Mtumweni akatangaza kwamba mayai yote yaliyokuwa kikapuni ni ya nje ya ujogoo, na kwa hiyo ni vielelezo. Vielelezo vikachukuliwa. Siku hiyo hiyo vilikaangwa kwa vitunguu na pilipili hoho, ili visiharibike kabla ya kesi.

*

Jogoo akaletwa Jumatano, pamoja na bendera.

Alikuwa na cheo cha Sajenti, barua ya uhamisho, na likizo ya siku ishirini na nane kwa mwaka. Lilikuwa jimbi zee, shingo imekwisha manyoya, jicho moja limefia katika utumishi, na kila mguu una kipi, ule mwiba wa nyuma, kirefu kama msumari wa paa. Sajenti alikuwa amepita vituo vinne. Cha mwisho alikuta kuku kumi na wawili akaacha watatu, na kwa kazi hiyo akapandishwa cheo.

Mtumweni alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa. "Ndugu wananchi wa Kwa Mpingo! Leo giza limekwisha. Kabla ya jogoo huyu mlikuwa mnaamka kwa kubahatisha! Jua lilikuwa linachomoza bila utaratibu! Kuanzia sasa, atakapowika yeye ndiyo asubuhi."

Sajenti akawika. Ilikuwa saa nane mchana. Watu wakarudi majumbani wakatoka upya, wanajinyoosha, wanaulizana wameamkaje. Mama mmoja aliyekuwa ameshaivisha ubwabwa wa mchana akaepua, akateleka chai.

Bi Siwema aliwaangalia matembe wake waliojibana pembeni mwa banda, kisha akamwangalia yule mzee. "Bwana Mtumweni, jogoo mmekwisha leta, sipingi. Ila huyu mtu mzima na hawa watoto. Niruhusu nimtenge kwa wavu majuma mawili tu wazoeane."

"Kumtenga mtumishi wa umma?" Mtumweni akashuka kinuni. "Mama, wako watu waliotengwa wao kwa kulitamka neno hilo."

Wakafungua banda.

Siku ya kwanza Sajenti alikula pumba zote na dagaa wote, akalala juu ya chombo cha maji. Siku ya pili akaanza kazi iliyomleta. Aliwapanda mfululizo bila kupumzika, akiwashika visogo kwa mdomo na kuwakanyaga kwa vile vipi, hata migongo ikabaki nyama tupu. Matembe wakahamia juu ya paa la choo, wakashinda huko juani bila kula. Mayai yakakatika. Moja lilitagwa kwa bahati mbaya, likaanguka chini. Sajenti akalidonoa akalinywa.

Siku ya tano alimpata Madoa, tembe wa madoadoa aliyekuwa wa kwanza kutaga, akamchana ubavu. Bi Siwema akamwosha kwa maji ya chumvi, akampaka manjano, akamlaza kwenye ungo. Akaenda kuswali adhuhuri. Aliporudi alikuta kibudu, hata kuliwa hafai tena.

Alimfukia mwenyewe nyuma ya choo, akanawa mikono. Kisha akachukua mkasi.

Alitoa sandukuni kanga kuukuu, akaikata vipande sita, akawashonea matembe waliobaki vikoti vya mgongoni, vyenye vishikizo chini ya mbawa, ili kipi kikipiga kipige kitambaa kisipige nyama. Aliangalia uzito wa nguo. Maandishi hakuyaangalia, kanga kuukuu mtu haisomi tena. Lakini kanga ile ilikuwa na jina lake, nalo lilikuwa: MUME WA KULETEWA SIMTAKI.

Basi matembe wakashuka paani, wakatoka kujitafutia barazani. Tembe mweusi alipita amevaa WA KULETEWA. Nyuma yake akaja yule mwekundu, SIMTAKI. Mtaa mzima ukatoka kusoma. Wazee wasiojua kusoma wakaomba wasomewe, wakishasomewa wanaomba warudiwe.

Haikupita saa, magari mawili hayo.

"Nani hatakiwi?" Mtumweni aliuliza kabla hajashuka.

"Ni kanga, bwana. Alinitunza shoga yangu kwenye harusi."

"Nimeuliza, nani hatakiwi!"

"Wewe unadhani nani?"

Karani akachovya kalamu. Mtumweni akamtazama karani, karani akamtazama Mtumweni, naibu akatazama mawingu. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujua. Tembe mwekundu akapita katikati yao na SIMTAKI yake, akadonoa kamba ya kiatu cha afisa, akaendelea na shughuli zake.

*

Jambo likapelekwa kwenye karatasi, kama ilivyo dawa ya kila jambo katika nchi ile. Bi Siwema akaletewa Tamko la Shukrani lililokwisha kuandikwa: *Mimi mwenye ua huu nakiri kuwa kabla ya jogoo sikupata kuona yai, na baada ya jogoo mayai ni tele, na kilichompata kuku Madoa ni furaha kupita kiasi.* Mahali pa dole gumba palikuwa pameshachorwa duara.

"Sitii," alisema Bi Siwema.

Jirani yake Mashavu akaja mbio, kapu mkononi. "Shoga, weka dole yaishe. Wino hauumi."

"Hauumi, najua."

"Mimi nimetia kwamba jogoo wangu kanipa mayai mia, na wewe shahidi, hata kuku sina! Nimeletewa cheti. Nimefunikia mtungi."

"Mashavu, nitakufa, na nitaulizwa. Siku hiyo halitaitwa dole peke yake, nitaitwa mimi."

"Na kuku je?"

Hapo Bi Siwema aliwatazama wale sita na vikoti vyao, wanaparua mchanga kama watu wasio na habari. "Kuku nawapenda," alisema. "Ndiyo maana nimeshikwa hapo."

Mtumweni akapeleka neno. Kwa kuwa dole la mama huyu ni kaidi, ataitwa barazani Alhamisi, mbele ya watu wote, ale kiapo kwa msahafu kwamba mayai ya ua wake ni kazi ya jogoo. Akiapa, kuku ni wake. Asipoapa, kuku sita watataifishwa. Wizara ilikuwa imekwisha kununua vitunguu.

Hapo ndipo Bwana Mtumweni alipokosea.

Watu wa nchi ile walitia saini chochote. Walitia saini kwamba mvua imenyesha, na vumbi liko miguuni. Kiapo cha msahafu, hapana. Walisema anayeapa uongo hafiki Ijumaa ya pili, na akifika, anafika tumbo limefura kama kiriba. Wezi wa mbuzi walikuwa wanarudisha mbuzi wakisikia tu msahafu unafutwa vumbi. Na kiapo kina desturi yake, kongwe kuliko serikali: anayedai huapa kwanza, anayedaiwa hufuata. Mtumweni alikuwa amekaa ofisini miaka mingi mno. Alikumbuka kwamba kiapo kinatisha, akasahau kinaanza na nani.

*

Alhamisi baraza likafurika. Bi Siwema alikuja ametawadha, buibui lake safi, msahafu umefungwa kitambaa cheupe, mkononi ana birika la maji. Sajenti naye alikuwepo, ndani ya tenga lenye zulia.

"Mimi tayari," alisema Bi Siwema. "Nani ananidai?"

"Serikali," akasema Mtumweni.

"Basi na ianze yenyewe, kama ilivyo ada. Iape kwamba bila jogoo huyu yai halipatikani. Ikishamaliza, mimi niko hapa."

Wazee waliokuwa mkekani wakatikisa vichwa. "Ndiyo ada," wakasema. "Anayedai ndiye mwanzo."

"Serikali haina mkono wa kushikia msahafu!"

"Wewe unao miwili, bwana, mmoja tu ndio unatakiwa," akasema Bi Siwema.

Msahafu ukafunguliwa kitambaa. Mtumweni akautazama, na sauti yake kwa mara ya kwanza ikabaki nyuma ya tumbo. Akakumbuka kwamba daktari amemkataza mambo ya ghafla. Akamkaimisha naibu.

Naibu akasema, kwa masikitiko makubwa, kwamba hana udhu.

"Maji haya hapa," Bi Siwema akasogeza birika. "Nilijua utayahitaji."

"Tena mimi… sisi kwetu upande wa mama ni Wakristo."

"Mchungaji yule pale mwisho, na Biblia yake kwapani. Mchungaji, simama aone."

Mchungaji akasimama. Naibu akakaa. Akamkaimisha karani. Karani akasema mkono wake ni wa kuandikia, umesajiliwa hivyo. Wakamtafuta Mzee Chande, wakamkuta amejificha nyuma ya wanawake.

"Balozi, si wewe uliyeyaona maganda?"

"Niliona maganda, sikuona jogoo!" alilia Mzee Chande. "Mimi tumbo langu limefura tangu ujana, kesho watu watasema ni kiapo. Niacheni nina wajukuu!"

Kicheko kikaanzia huko huko kwa wanawake. Kilianza kidogo, kama maji yanayotafuta ufa, kisha kikapasua. Mashavu alicheka mpaka ikabidi ashikwe. Askari wakaamriwa wawakamate wanaocheka, lakini kwanza walihitaji kuacha kucheka wao.

Mtumweni jasho lilikuwa linamtoka kama nazi inayokamuliwa. Ndipo naibu akamnong'oneza, na uso wake ukanawiri.

"Anayedai ni jogoo!" akatangaza. "Ataapa mwenyewe!"

Bi Siwema akaufunga msahafu wake, fundo mbili. "Kwa hiki changu, hapana. Mwapisheni kwa kitabu chenu."

Ikaletwa Katiba. Sajenti akatolewa tengani, akasimamishwa juu yake, miguu ikashikwa na watu wawili. Karani akasoma, "Je, wewe ndiwe chanzo cha mayai ya ua huu?" Sajenti akainamisha jicho lake moja. Akaidonoa Ibara ya Kwanza, akaigeuza, akaidonoa tena, akaiacha. Haikuwa na punje.

"Amekiri!" akapaza Mtumweni. "Karani, andika, amekiri kwa unyenyekevu!"

Karani akaandika, kisha kalamu ikasita. "Mheshimiwa, kuna kifungu. Aliyeapishwa kwa Katiba ni kiongozi wa taifa. Haruhusiwi kulala bandani na raia."

Wakatafuta njia ya kumwapua, yaani kumvua kiapo, hawakuiona. Jioni ile Sajenti akapandishwa gari la kwanza, kiti cha nyuma, akaenda mji mkuu kwenye nyumba yenye mlinzi. Bwana Mtumweni akapanda la pili na kukaa juu ya faili.

*

Sasa ua wa Bi Siwema ulikuwa na kuku sita na jogoo hakuna, kinyume cha sheria. Ilipasa aletewe mwingine. Lakini kumpeleka jogoo kulihitaji jina la afisa, na kila afisa wilayani alikuwa amesikia kwamba kwa mama yule ukipeleka jogoo unakutana na birika la maji. Faili likazunguka meza kumi na nne. Kila meza ililisukuma mbele kama kaa la moto.

Likarudi kwa Mtumweni. Akalikalia siku nzima mlango umefungwa. Kuku wapo, jogoo hayupo, mayai yapo: basi sheria ni ya uongo. Sheria haiwezi kuwa ya uongo, imetoka kinywani mwa Mlezi Mkuu. Kwa hiyo kimojawapo hakipo. Akachukua kalamu akaandika, *Ua wa Bi Siwema binti Faki: kuku hakuna.* Akatia saini, akapiga mhuri mara tatu.

Migongo ikaota manyoya. Vikoti vikavuliwa. Mayai yakarudi, makubwa kuliko ya kwanza, na watu wakawa wanakuja kwa mlango wa uani, wananunua mayai ya kuku hakuna, wanakwenda nyumbani kukaanga hakuna na vitunguu.

Siku moja alikuja Bwana Mtumweni. Alikuja kwa miguu, bila karani, kikapu kimefichwa chini ya koti.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, bwana. Leo faili halikuja?"

"Mama, nisitiri. Kesho asubuhi Waziri wa Mayai anapita, ataamkia kwangu, anataka mayai ya kukaanga. Wilaya nzima haina yai. Kila ua una jogoo, na kila jogoo… basi wewe unajua."

"Najua."

"Nipe ishirini tu."

"Faili linasemaje juu ya ua wangu?"

"Tuyaache ya faili, mama."

"Uliliandika wewe?"

"Mimi."

"Ukatia saini?"

"Nikatia."

Bi Siwema akaegemea mwimo wa mlango, hakumpisha. "Basi mimi ni mtu wa sheria, bwana. Siwezi kumkanusha afisa wa serikali mbele ya uso wake."

Wakati huo huo tembe mwekundu akashuka kiotani, akatoa sauti ya kuku aliyemaliza kazi yake na anayetaka dunia ijue. Mwenzake akamjibu. Wote sita wakatetea kwa pamoja, hata mabati yakatetemeka, na ng'ambo ya njia Mzee Chande akasimama ghafla, sikio limeinama upande wao, mkono unapapasa kalamu mfukoni.

"Bwana Mtumweni," Bi Siwema akauliza polepole, "unasikia chochote?"

Mtumweni akamtazama Mzee Chande. Akakitazama kikapu chake kitupu.

"Sisikii," akasema.